Suali la fomu ya bima si salamu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niandike juu ya jambo ambalo limeziumiza nyumba kadhaa ninazozijua hapa Pemba, na ya mwanzo kati ya hizo ni nyumba ya marehemu kaka yangu. Nakusudia masuali ya afya yaliyomo ndani ya fomu ya maombi ya bima ya maisha, namna yanavyoulizwa na namna sisi tunavyoyajibu. Nilikuwa muuguzi kwa miaka 31, na miaka tisa ya mwisho niliitumia katika kliniki ya presha na sukari, kwa hivyo nimeziona pande zote mbili: mgonjwa anayesema kuwa ni mzima, na jamaa wa maiti wanaoambiwa kwa barua kwamba maiti wao hakusema kweli.

Kaka yangu alikuwa mwalimu wa skuli. Siku moja saa ya mapumziko, wakala wa bima aliingia chumba cha walimu, na walimu watano wakajiandikisha hapo hapo. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Kaka yangu lugha hiyo aliijua vizuri, lakini kalamu aliishika wakala, kwa kuwa, kama alivyosema mwenyewe, walimu walikuwa na vipindi na yeye alitaka kuwapunguzia usumbufu. Alipofika ukurasa wa afya, wenye masuali kumi na matatu, aliuliza suali moja tu: "Mwalimu, wewe huumwi, ee?" Kaka yangu akamjibu, "Mzima, Alhamdulillahi." Wakala akatia alama ya hapana kuanzia suali la mwanzo hadi la mwisho, kisha akamsogezea karatasi atie saini. Haya tumeyasikia kwa walimu wawili waliokuwa wamekaa meza ile ile, na mmoja wao naye alijaziwa fomu yake kwa namna hiyo hiyo.

Wakati huo kaka yangu alikuwa na daftari la hospitali, lile la kurasa 48 lenye jadweli la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, ambalo alikuwa akiliweka ndani ya mtoto wa meza pamoja na hati ya kiwanja chake. Kipimo cha mwanzo cha presha kilichomo ndani ya daftari lile, 168 kwa 104, nilikiandika mimi kwa mkono wangu, miaka miwili kabla ya siku aliyotia saini. Chini yake daktari aliandika dawa na tarehe ya kurudi, na kaka yangu alirudi mara tatu, akapata nafuu, akaacha.

Alifariki kwa kiharusi akiwa katika mwaka wa tatu wa bima yake. Kampuni ilipotaka kumbukumbu za matibabu, wifi yangu alilitoa daftari lile kwa mkono wake mwenyewe, akidhani kuwa litathibitisha kwamba mumewe amekufa kwa maradhi ya kweli na hivyo litawasaidia watoto. Barua ya majibu ilimkuta bado yumo ndani ya eda. Iliandikwa kwamba mkataba umebatilika tangu siku ulipoanza, kwa sababu mwenye bima alificha maradhi ya shinikizo la damu, na kwamba familia itarejeshewa ada alizolipa, shilingi 35,000 kwa kila mwezi kwa miezi 31, ambazo ni shilingi 1,085,000. Fao lililoandikwa ndani ya hati ya bima lilikuwa shilingi 15,000,000.

Nimeifikiria barua ile kwa muda mrefu kabla ya kukuandikia wewe, Mhariri, kwa sababu sikutaka kuandika kwa uchungu tu. Kampuni haikusema uongo, maana presha ilikuwapo, daftari lilikuwapo na saini ilikuwa ya kaka yangu. Lakini namjua kaka yangu, na siwezi kukubali kwamba alikaa akapanga kumficha mtu. Aliulizwa kama anavyoulizwa mtu njiani, akajibu kama anavyojibu mtu njiani.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Sisi tumelelewa kwamba mtu akiuliziwa hali yake hujibu njema, hata akiwa kitandani. Mara nyingi nimeingia wodini asubuhi nikamuuliza mgonjwa ameamkaje, naye akaniambia hajambo, Alhamdulillahi, huku kipimajoto nilichokitoa kwapani mwake kikionesha nyuzi 39. Huyo hakunidanganya. Alimshukuru Mola wake na alinistahi mimi, na hiyo ni tabia njema ambayo sitaki ituondoke. Ila fomu ya bima haikuulizi unavyojisikia leo. Inakuuliza mambo yaliyotokea: je, umewahi kuambiwa na daktari kwamba una presha, sukari, pumu, maradhi ya moyo, ya figo au ya ini, je, katika miaka mitano iliyopita umelazwa, umefanyiwa operesheni, umepigwa picha au umepimwa damu, na kwa sababu gani, je, unatumia dawa gani, na tangu lini, je, wazee wako au ndugu zako wa tumbo moja walipata maradhi ya moyo au saratani wakiwa bado vijana. Mtu anaweza kuwa mzima wa afya siku ile anayojaza, akawa na majibu manne ya "ndiyo" yanayotakiwa kuandikwa.

Kwa kazi niliyoifanya, naijua sababu nyingine. Watu wetu wengi huita maradhi kile kinachomlaza mtu chini. Presha haimlazi mtu, na kwa miaka haimuumi hata kidogo, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo. Asiyejua hana lawama, kwa sababu hakuna sheria inayomtaka mtu aeleze asichokijua. Lakini ukishapimwa zaidi ya mara moja, kipimo kikawa 140 kwa 90 au zaidi, na daktari akakwambia, umekwishajua, na kujua huko hakufutiki kwa kuwa kichwa kimeacha kuuma. Presha iliyoteremshwa kwa dawa ni presha iliyotulizwa. Mwenyewe bado anayo. Na sukari ni hivyo hivyo: mtu hunionesha kipimo cha asubuhi kilicho kizuri akaniambia sukari yake imekwisha, ilhali kipo kipimo kingine cha damu kinachoonesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, na hicho ndicho ambacho daktari wa kampuni atakitaka.

Kwa wanawake wenzangu nina la kuongeza, kwa sababu hili husahauliwa kuliko yote. Mama aliyepata sukari wakati wa ujauzito, ikaondoka baada ya kujifungua, huona kwamba yale yalikuwa mambo ya mimba na yamekwisha na mimba yake. Vivyo hivyo aliyepanda presha katika miezi ya mwisho, au aliyepata kifafa cha mimba. Lakini aliyepata sukari ya ujauzito yuko karibu zaidi kuliko wengine kupata kisukari cha kudumu miaka ya baadaye, na ndiyo sababu fomu nyingi zinauliza. Kadi ya kliniki ya mama inayo khabari hiyo, na anayejaza fomu aitoe kadi ile, asitegemee kumbukumbu ya kichwa.

Sasa niseme juu ya sheria, kwa kadiri ninavyoielewa mimi nisiye mwanasheria. Kanuni inayowataka watu wawili wanaofunga mkataba wa bima waambizane kweli yote tumeirithi kutoka sheria za Kiingereza, na kesi yake mashuhuri iliamuliwa mwaka 1766 na Jaji Mansfield. Gavana mmoja aliyeitwa Carter alikuwa na ngome kisiwani Sumatra, akaikatia bima London asije adui akaiteka, na Wafaransa wakaja wakaiteka. Aliyetoa bima alikataa kulipa kwa kudai kwamba alifichwa udhaifu wa ngome. Jaji alieleza kwamba anayeomba bima ndiye anayejua mambo ambayo mwenziwe hayajui, kwa hivyo asiyafiche. Na kanuni hiyo ndiyo inayosomwa hadi leo. Lakini katika kesi ile ile mwenye bima alishinda na akalipwa, na moja ya hoja za jaji ilikuwa kwamba anayetoa bima naye ana akili na anaweza kuuliza, na yale ambayo alipaswa kuyajua mwenyewe hawezi kuyafanya kisingizio. Kampuni zetu zimeishika vizuri nusu ya kwanza ya hukumu ile. Naziomba ziishike na ya pili.

Huko Uingereza kwenyewe sheria ya mwaka 2012 imebadilisha mambo kwa mtu wa kawaida anayejikatia bima. Sasa wajibu wake ni kuwa mwangalifu asitoe jibu lisilo sahihi kwa yale aliyoulizwa, na akikosea, hutazamwa kwanza alikosea vipi. Aliyedanganya kwa makusudi anaweza kunyimwa yote. Aliyekosea kwa uzembe, ikiwa kampuni ingempokea hata kama ingejua, ila kwa ada kubwa zaidi, hulipwa kwa kadiri ya ada aliyoitoa. Tuchukulie kwamba mtu alikuwa akilipa shilingi 30,000 kwa mwezi, na angesema presha yake angetakiwa alipe 45,000. Alilipa theluthi mbili ya iliyokuwa haki, basi watoto wake watapata theluthi mbili ya fao: kwa bima ya shilingi 15,000,000, watapata 10,000,000. Nimemuonesha wifi yangu hesabu hii na akanyamaza kwa muda. Hakuna kinachoizuia kampuni yoyote ya hapa kuandika sharti kama hilo ndani ya mkataba wake kwa hiari yake, na itakayofanya hivyo itapata wateja wengi katika visiwa hivi.

Wapo wanaodhani kwamba ukisema kweli utakataliwa tu, na mawakala wengine huwatia watu khofu hiyo ili biashara isikwame. Haya si sahihi. Mwenye presha inayotibiwa na kufuatiliwa mara nyingi hupokewa, pengine kwa ada ile ile na pengine kwa nyongeza. Mwingine hutakiwa apimwe na daktari kwanza. Mwingine huambiwa asubiri miezi kadhaa mpaka sukari yake itulie. Wapo wanaokataliwa moja kwa moja, na hilo linauma, lakini aliyekataliwa leo anajua kwamba hana bima, na anaweza kuitia ile 35,000 kila mwezi katika akiba nyingine au katika kununua miche ya mikarafuu. Kaka yangu aliishi miezi 31 akiamini kwamba watoto wake wamewekewa kitu.

Kwa wale wanaojiunga na takaful, yaani bima ya Kiislamu, na wanazidi kuwa wengi hapa Zanzibar, jambo hili lina uzito zaidi. Katika takaful, michango huwekwa kwenye mfuko wa pamoja, na anayefikwa na msiba hulipwa kutoka humo. Anayeficha maradhi yake anachukua katika mfuko wa wenziwe waliosema kweli. Sote tumesomeshwa chuoni kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono wake ndani ya lundo la nafaka akakuta chini imelowa, akamuuliza mwenye nayo kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu wakaiona. Mwili wa mtu anayeomba bima ni kama lundo lile, na mwenye kujua palipolowa ni yeye peke yake.

Lakini nao wanaouliza wajue wanamuuliza nani, na wapi. Kisiwa chetu ni kidogo, wakala ni jirani au mtoto wa jirani, na fomu hujazwa barazani, dukani au katika chumba cha walimu mbele ya watu. Nani atasema hapo kwamba anatumia dawa za VVU, au kwamba aliwahi kutibiwa kifua kikuu, au kwamba baada ya kufiwa na mkewe alipelekwa kwa daktari wa maradhi ya akili? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu khabari za afya kuwa ni taarifa nyeti, kwa hivyo mtu aombe azijaze faraghani, azitie ndani ya bahasha iliyofungwa, au azieleze mbele ya daktari wa kampuni na si mbele ya wakala. Anayeambiwa kwamba hilo haliwezekani aende kwengine.

Lipo pia jambo la bima zinazokatika njiani, ambalo kwa watu wa karafuu ni kubwa. Mkulima hulipa vizuri msimu wa mavuno, kisha miezi ya ukame wa fedha huja, ada zikasimama, bima ikakatika. Mwakani akavuna tena, akaenda kuifufua. Wengi hudhani kwamba kufufua ni kulipa malimbikizo tu. Kwa kawaida kampuni humtaka ajaze tena tamko la afya, na hapo maradhi aliyoyapata baina ya siku ya kwanza na siku ya kufufua yanatakiwa yaandikwe, ingawa lau bima isingekatika asingekuwa na haja ya kuyaeleza. Hata baina ya siku ya kujaza fomu na siku ya kupokewa, mtu akigundulika na jambo jipya aipelekee kampuni khabari. Nimewaona watu watatu walioitia saini karatasi ya kufufua kama vile wanatia saini risiti.

Ninachokiomba kwa kampuni ni kidogo na hakigharimu sana. Fomu ziwe za Kiswahili, Kiswahili cha watu, zikisema presha na sukari pamoja na majina ya kitaalamu, kwa sababu nimeona tafsiri moja ambayo hata mimi muuguzi niliisoma mara mbili. Wakala asome kila suali kwa sauti na asubiri jibu lake, na alama itiwe na mwombaji mwenyewe ikiwa anajua kusoma na kuandika. Na nakala ya fomu iliyojazwa apewe mwombaji siku ile ile. Familia ya kaka yangu iliiona fomu yake kwa mara ya kwanza baada ya yeye kuzikwa, na laiti angekaa nayo nyumbani wiki moja tu, mimi mwenyewe ningeiona ile safu ya "hapana" na ningemuuliza. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, ambayo ndiyo inayowasajili mawakala hawa, inao uwezo wa kuyafanya haya kuwa ni lazima. Na kwa aliyekwisha kukataliwa, ajue kwamba barua ya kampuni siyo mwisho wa njia, kwa kuwa iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima inayopokea malalamiko ya wananchi. Sisi tulichelewa kuijua.

Mwezi uliopita mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye ana miaka 34 na ana sukari tangu mwaka juzi, alikuja kwangu na fomu ya bima ya maisha aliyoichukua mwenyewe ofisini kwa kampuni nyengine, akakataa kujaziwa. Tulikaa mkekani baada ya swala ya isha, daftari lake la hospitali likiwa limefunguliwa baina yetu, tukajibu suali moja moja. Sehemu ya kuandika dawa ilikuwa na mstari mmoja mfupi, kwa hivyo tulichukua karatasi nyingine tukaandika metformini, kiasi cha vidonge, mwezi alioanza, na tarehe mbili ambazo hakwenda kliniki, akaitia saini karatasi hiyo pia na kuibana pamoja na fomu. Kampuni ilimpeleka kupimwa. Baada ya wiki tano ikamjibu kwamba imempokea, ila ada itakuwa shilingi 37,000 badala ya 28,000 aliyotajiwa mwanzo. Alihesabu mshahara wake, akakubali. Alipiga picha kila ukurasa kwa simu akamtumia mkewe, na nakala ya karatasi ameiweka kwa mama yake, ndani ya mtoto wa meza ule ule.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Wete, Pemba.